Mnara wa Bagamoyo na Waliouchomea Chokaa

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa ndugu zetu wa mjini, asalaam aleikum. Karibuni nyote.

Mgeni akifika misheni ya Bagamoyo huuliza kwanza mnara wa Livingstone uko wapi. Sina ugomvi naye, kisa chenyewe ni kizito. Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili na kuubeba zaidi ya kilomita 1,000 hadi pwani. Februari 1874 ukalazwa hapa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Mprotestanti huyo wa Uskoti akapokewa na mapadre Wakatoliki wa Kifaransa, na sijasikia kwamba kuna aliyelalamika.

Lakini ule ulikuwa usiku mmoja tu. Mimi leo nataka tuwazungumzie waliousimamisha mnara.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja mwaka 1868. Waliwaleta watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa wamenunuliwa kwenye soko la Unguja. Aprili 1872 kimbunga kikalikumba eneo hili na kubomoa majengo ya misheni. Kanisa la mawe ambalo mnara wake tunao hadi leo ni la mwaka huohuo.

Wajenzi wake walikuwa wakazi wa misheni yenyewe. Tusiupambe sana uhuru wao: walioishi katika Kijiji cha Uhuru walilima na kujenga kwa ratiba ya mapadre, na hata ndoa zao zilipita mikononi mwa misheni. Hata hivyo, kazi waliyoifanya inaonekana kwa macho.

Sogea ukutani mahali plasta ilipobanduka. Utaona jiwe la matumbawe lenye vitundu vidogo vyenye umbo la nyota, na katikati ya mawe kuna chokaa. Chokaa hiyo haikuja na meli kutoka Ulaya. Fundi wa pwani hupanga magogo kwa duara, juu yake akarundika matumbawe, akawasha moto mpaka mawe yakaiva. Kisha huyaacha yamwagiwe maji au yanyeshewe mvua, yalainike yawe unga. Wajenzi wa misikiti na majumba ya mawe walifanya hivyo karne nyingi kabla ya misheni kufika. Kwa hiyo ramani inaweza kuwa ya Mfaransa, lakini ukuta ni wa Mswahili.

Tofauti iko kwenye upana. Nyumba ya mawe ya pwani ina vyumba vyembamba kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita tatu. Kanisa linataka watu wengi wakae pamoja na wote waione altare. Hapo boriti haifai tena. Lazima upige kenchi na kuezeka paa la mteremko. Ndiyo maana kanisa kubwa la sasa, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, halifanani na jengo lolote la mji mkongwe, ingawa jirani yake, nyumba ya mapadre, ina ghorofa na baraza za matao ambazo mtu wa Unguja asingezishangaa.

La kale likabomolewa, mnara ukaachwa. Nadhani jina la Livingstone ndilo lililouokoa. Pango la Bikira Maria, lililojengwa na waliokombolewa mwaka 1876, halina jina la mtu mashuhuri wa kulipigia debe. Linadumu kwa sala za waumini.

Sasa neno kwa kamati za ujenzi, maana naona wenyeviti wawili hapa mbele. Ukuta wa matumbawe msiupige plasta ya saruji. Ukuta huo hufyonza unyevu na kuutoa, na chokaa huupitisha. Saruji huuziba. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya muda plasta huvimba na kuanguka na vipande vya jiwe. Mafundi wa chokaa bado wapo Bagamoyo na Unguja, ila wengi ni wazee. Mkiwapa kazi, wapeni na vijana wawili watatu wa parokia wa kuwasaidia na kujifunza.

Haya, tutoke nje kabla jua halijawa kali. Tutaanza upande wa mnara unaoelekea baharini.