Kufungua na Kufunga Kijiko cha Nyuma cha Trekta Dogo

Ndugu zangu mafundi, waendesha mitambo na wenye matrekta, nawashukuru kwa kufika mapema. Niliomba tuanze saa moja na nusu asubuhi kwa sababu ya kiufundi, ambayo nitaieleza nikifika kwenye mipira ya mafuta, yaani ile inayopeleka kwenye kijiko mafuta ya msukumo yanayokiendesha.

Kijiko ninachokizungumzia ni kile kinachofungwa nyuma ya trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 50, kinachotuchimbia mitaro ya mabomba kule Bunju na mashimo ya vyoo kule Chanika. Faida yake ni kwamba kinavuliwa: wiki hii trekta linachimba, wiki ijayo linalima. Lakini kijiko hicho kina uzito wa kilo 300 hadi 600, na nimewahi kuona wanaume sita wakikisukuma kwa mitaimbo na kamba tangu asubuhi hadi adhuhuri ili matundu mawili ya pini inayokishika kwenye trekta yaonane. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba taabu ile haikuanza siku ile ya kufunga, bali ilianza siku kijiko kilipofunguliwa na kuachwa vibaya. Ndiyo maana nitaanza na kufungua.

Chagueni kwanza mahali. Mchanga wa Kigamboni unadidimia, na mfinyanzi wa mabondeni ukilowa wakati wa masika unateleza. Kijiko ulichokiacha kimesimama sawasawa mwezi wa pili utakikuta kimeinama mwezi wa tano. Sakafu ya zege ndiyo bora, na asiye na zege atandike mbao nene chini ya miguu ya pembeni na chini ya ndoo. Mimi huchora kwa rangi mahali matairi ya nyuma yalipokuwa, ili siku ya kufunga trekta lirudi palepale, kwa kimo kilekile. Upepo wa matairi nao uwe uleule, kwani tairi lililolegea hushusha trekta kiasi cha kutosha kuyapotosha matundu.

Trekta likishasimama, vuta breki ya mkono na ulaze ndoo ya mbele chini. Teremsha miguu ya pembeni mpaka ikanyage, kisha kunja mkono wa kijiko na uitue ndoo chini, ili kijiko kisimame kwa sehemu tatu kama mafiga. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kijiko hiki kina nguvu ya kujinyanyua chenyewe, na kazi ya mwendeshaji ni kukiongoza kwa miguu yake na mkono wake, kidogo kidogo, injini ikiwa katika mwendo wa chini, mpaka uzito wote utoke kwenye pini. Utajuaje kwamba umetoka? Zima injini, ushuke, ushike pini kwa vidole. Ikizunguka bila kupigwa, ivute. Ikikataa, rudi kwenye nyenzo za kijiko ukarekebishe. Usiitafute nyundo, kwa sababu pini inayotolewa kwa nyundo ina mzigo juu yake, na mzigo huo utashuka pale utakapoitoa.

Pini zikishatoka, mitambo mingi inahitaji fremu ya kijiko inyanyuliwe au kuinamishwa kidogo ili ijivue kwenye ndoano za trekta. Ndoano za kila aina zina mpangilio wake, hivyo fuateni kitabu cha mtambo wenu. Jambo lisilobadilika ni kwamba injini ikiwa inaunguruma mtu yeyote asisimame kati ya trekta na kijiko, wala asitie kidole kwenye tundu la pini kupima kama yameonana. Nilipokuwa msaidizi nilikitia changu, na kovu ninalo. Tumieni tochi.

Kabla ya kugusa mipira, wekeni magogo imara chini ya fremu. Silinda huvuja ndani kwa ndani, polepole, na baada ya miezi miwili kijiko kisicho na magogo kitakuwa kimeshuka. Kisha zima injini na uchezeshe kila wenzo mbele na nyuma ili msukumo wa mafuta uishe. Katika matrekta mengi ya aina hii msukumo huo hufika psi 2,500 hivi, wakati tairi la gari dogo halizidi sana psi 32. Mafuta yakitoka kwa nguvu hiyo kwenye kitobo kidogo cha mpira hupenya ngozi, na kidonda chake huonekana kama mchomo wa sindano tu. Mtu huyo apelekwe hospitali kubwa saa ileile hata kama hasikii maumivu, kwa sababu huhitaji upasuaji wa haraka. Mvujo unatafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja.

Sasa lile la saa moja na nusu. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya mpira hutanuka kwa joto, na kijiko kilichoachwa kwenye jua la Dar es Salaam kitakataa kabisa kuunganishwa ifikapo saa saba mchana. Wengi hudhani viungio vimeharibika wakakimbilia maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua vipya, kumbe kinachotakiwa ni kivuli, au kufanya kazi asubuhi.

Mipira ikishachomolewa, kwenye trekta ambalo mafuta yake huzunguka wakati wote lazima mpira wa kupeleka mafuta uunganishwe na ule wa kurudisha. Ukiiacha miwili hiyo bila kuiunganisha, pampu itasukuma mafuta yasiyo na njia, yatapata moto na pampu itakufa. Vifunikeni viungio vya kijiko kwa vifuniko vyake, maana chembe moja ya mchanga inatosha kukwangua valvu. Rodi za silinda zilizobaki nje zipakwe grisi, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huzila, na grisi hiyo ifutwe kabla ya kazi ili isishike mchanga.

Kufunga kutatuchukua muda mfupi, kwa kuwa mengi yamekwisha kufanyika. Rudisha trekta polepole kwenye alama za rangi, zima, unganisha mipira kwanza. Kijiko kikishapata mafuta, tumia miguu yake kukipandisha au kukishusha mpaka fremu ikae kwenye ndoano, kisha zima tena, utie pini na vizuizi vyake. Baada ya saa chache za kwanza za kuchimba, kazeni upya bolti za fremu iliyo chini ya trekta.

Wale wenye kijiko kinachoning'inia kwenye mikono mitatu ya kunyanyulia peke yake, nawaomba mbaki nami baadaye. Nguvu ya kuchimba husukuma mikono hiyo juu kwa namna ambayo haikuundiwa, na huweza kupasua gamba la nyuma la trekta. Ningependa tuitazame mitambo yenu mmoja mmoja.

Jua bado halijapanda. Trekta lipo uani na kijiko kimefungwa, basi twendeni tukifungue.