Kilichofungwa na Kilichofichwa

Mwenyekiti, asante. Wakutubi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana wa mwaka wa tatu mliokuja kwa sababu karatasi ya mahudhurio inapita, karibuni.

Ile picha ya mlima wa barafu siionyeshi leo. Mnaijua: ncha nyeupe juu ya maji imeandikwa Google, chini yake bluu, huo ndio mtandao wa kina, na chini kabisa weusi tii, mtandao wa giza, pamoja na kijana aliyejifunika kofia ya sweta. Nimeipinga Dodoma, nimeipinga Morogoro, na kila semina nikiingia naikuta ukutani inanisubiri. Ubaya wake ni kwamba inamfanya mtu aamini kuwa ukizidi kushuka unazidi kuwakaribia wauza unga. Matokeo yake mtu anaangalia salio la benki asubuhi, anasoma barua pepe, anachungulia matokeo yake kwenye mfumo wa chuo, halafu mchana ananiapia kwamba mtandao wa kina hajawahi kuugusa. Ameshinda humo tangu alfajiri!

Mtandao wa kina ni kurasa ambazo injini za kutafutia hazizioni. Basi. Roboti wa Google hutembea kwa kufuata viungo, ukurasa hadi ukurasa. Akikuta kisanduku kinachodai nywila, anageuka. Akikuta fomu ambayo lazima ijazwe ndipo majibu yatoke, kama katalogi yetu ya maktaba, mara nyingi hana cha kujaza, anageuka. Akikuta mwenye tovuti ameagiza kwamba ukurasa huu usiorodheshwe, anatii. Anayoyaacha nyuma yote ndiyo kina.

Mwaka 2001 Michael Bergman alichapisha makadirio kwamba sehemu hiyo ilikuwa kubwa mara 400 hadi 550 kuliko mtandao unaoonekana. Tarakimu hizo zimezeeka, msizitie kwenye tasnifu kana kwamba ni za jana. Mimi nawaomba mtazame orodha yake ya hazina kubwa kuliko zote. Ya kwanza ni kumbukumbu za hali ya hewa za Marekani. Ya pili, takwimu za NASA za kuitazama dunia kutoka angani. Mvua na mawingu! Ndiyo hayo tunayotishiana nayo.

Na hapa ndipo ninapochemka. Kuna Hinari, iliyoanzishwa na WHO pamoja na wachapishaji mwaka 2002 ili watafiti wa nchi kama yetu wasome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Inafunguliwa kwa nywila, kwa hiyo imo kwenye kina. Msichana mmoja wa uuguzi alinijia akitafuta makala za kifafa cha mimba. Nikamfungulia, zikaja nyingi, akaziangalia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa mwalimu, humu hawatatukamata?" Huyo simlaumu. Nawalaumu wale ambao nywila ya Hinari wameifungia kwenye droo, na ufunguo wa droo anao mtu aliye likizo. Mnacheka, lakini mnajijua.

Giza ni jambo jingine kabisa. Swali lake ni umefikaje, na nani ameona ukienda. Teknolojia yenyewe ilianza katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, ndiyo, jeshi la majini, na Tor, mtandao unaoficha ulikotoka na unakokwenda, ikaanza kufanya kazi mwaka 2002. Ujumbe wako unafungwa tabaka tatu na kupitishwa kwenye kompyuta tatu, kila moja ikimjua jirani yake tu: aliyemletea na anayempelekea. Tovuti za humo zina anwani inayoishia na .onion, na kabla ya hapo kuna herufi na tarakimu 56 zisizotamkika. Mama yangu hawezi kutumbukia humo kwa bahati mbaya akitafuta pishi la biriani.

Najua yupo atakayesimama aseme giza limo ndani ya kina. Vitabu vingi vinasema hivyo, nami sitaki ugomvi. Ila nijibu hili: BBC waliweka ukurasa wao wa .onion mwaka 2019 ili wasomaji wa nchi zinazowazuia wawafikie. Hauna nywila, yeyote mwenye kivinjari cha Tor anasoma. Ipo hata Ahmia, inayotafuta na kuorodhesha kurasa za .onion. Barua pepe yako wewe iko kwenye kivinjari cha kawaida na hakuna anayepaswa kuisoma. Sasa kipi kiko chini ya kipi?

"Lakini uhalifu upo." Upo, nani amekataa? Soko la Silk Road liliuza dawa za kulevya gizani tangu 2011, na mwenyewe, Ross Ulbricht, alijificha vizuri sana. Alikamatwaje? Mpelelezi wa kodi, Gary Alford, alikaa na Google. Google hii hii! Akarudisha tarehe nyuma kutafuta nani alilitaja soko lile mapema kuliko wote. Akampata mtu anayejiita altoid, akilitangaza Januari 2011 kama mpita njia aliyelisikia tu. Miezi kadhaa baadaye altoid huyo huyo, kwenye jukwaa la watu wa Bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, anatafuta fundi wa kompyuta, na anayetaka kazi amwandikie kwa anwani ya Gmail yenye jina la Ulbricht lenyewe. Tabaka tatu zote zile, halafu jina la ubatizo hadharani! Wakamkamata tarehe 1 Oktoba 2013, na wakutubi sikilizeni, ndani ya maktaba ya umma, tawi la Glen Park, San Francisco. Maofisa wawili, mwanamke na mwanamume, wakajifanya wapenzi wanaogombana. Akageuka kutazama, kompyuta ikanyakuliwa ikiwa wazi, akiwa bado ameingia kama bosi wa soko. Kifungo cha maisha mwaka 2015, msamaha wa rais Januari 2025. Huyo aliangushwa na kilichokuwa juu kabisa, mahali ambapo roboti anasoma.

Sisi tunaangushwa na kina chetu. Taarifa nyingi za watu zinazouzwa gizani ziliibwa kwenye akaunti na kanzidata zilizotakiwa kuwa zimefungwa. Nendeni steshenari yoyote msimu wa maombi ya mikopo. Mhudumu anamfungulia kijana barua pepe, anamtungia nywila, jina lake la kwanza na 123, anaiandika kwenye kaunta buku. Kaunta buku liko juu ya meza, karibu na mashine ya fotokopi, wazi, na kila anayesubiri kutoa kopi ya cheti anaweza kusoma namba ya simu, barua pepe na nywila za waliomtangulia. Kijana anaondoka na amani kwa kuwa akisahau atarudi kuuliza. Nywila hiyo hiyo anaipeleka chuoni, kwenye maombi ya ajira, kila mahali. Halafu swali lake kwangu ni kama mtandao wa giza una majini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Kuhusu VPN, zile programu za kuficha uko wapi na unatembelea nini mtandaoni, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaozitumia wajitambulishe, kwa hiyo someni kanuni kwanza kabla ya kuniuliza mimi, mimi si wakili. Anayekuuzia "safari ya gizani" kwa pesa anakuibia, kivinjari cha Tor ni cha bure. Sehemu ya Bitcoin naiacha.

Maswali yataendelea wakati wa chai. Anayetaka kubadilisha nywila zake nipo pale dirishani hadi saa nane. Njoo na simu yako, na tafadhali usinitajie ya zamani wala mpya.