Bisibisi Mezani

Asalaam aleikum. Kaeni, kaeni. Wewe wa mlangoni ingia, punda hatapotea, Lamu hii hana pa kwenda.

Kabla sijasema neno, kila aliyekuja na bisibisi ailete hapa mezani. Nawajua nyinyi. Moja, mbili… wewe kijana, naona mpini umechungulia mfukoni. Haya, sita. Watu kumi na mmoja, bisibisi sita, na hakuna hata mmoja aliyekuja na kalamu.

Waliowahi kunisikia wanajua wimbo wangu ni mmoja. Injini ya kijiboti cha kuchezea ikikorofisha, mkono unakimbilia skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Skrubu hizo ndizo za kuguswa mwisho. Za mwisho kabisa, baada ya kila kitu kingine kujitetea na kuonekana hakina hatia.

Nitawapa kisa cha kijiboti cha mpwa wangu. Waliokisikia wavumilie, au watoke nje wakavute hewa.

Kilikuwa na urefu wa futi nne, rangi ya buluu, na ndani tumefunga injini ya mashine ya kukatia nyasi, ya sentimita za ujazo 26, na tangi la nusu lita. Kamba ukiivuta mara mbili imewaka. Kinatoka gatini kama kilichofukuzwa, maji yanaruka pande mbili, watoto wanapiga kelele. Kikifika usawa wa jahazi moja lililokuwa limetia nanga, injini inapanda sauti, inalia juu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, halafu kimya. Mtoto anaogelea kukifuata. Akikirudisha tunajaza tangi, kinawaka, kinakwenda, kinafika palepale, kimya.

Siku ya pili shemeji yangu, nahodha mtu mzima, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za gati akitafuna tambuu, akatoa hukumu: "Mai haya yana wenyewe. Kipitisheni kwingine." Tukakipitisha kwingine, kikafa kwingine. Muda ulikuwa uleule, lakini nani alikuwa akitazama saa? Mimi mikono yote ilikuwa na bisibisi.

Siku tatu! Nikaifungua skrubu ya H, ya petroli ya mwendo wa juu, robo mzunguko, kikaenda mbele kidogo huku kikitoa moshi kama jiko la kuni. Nikaikaza ya L, ya mwendo wa chini, kikagoma kuwaka. Nikabadilisha plagi mbili nzima. Jioni ya siku ya tatu sikukumbuka tena skrubu zilianzia wapi. Asubuhi nilikuwa na injini yenye ugonjwa mmoja, jioni ina miwili, na wa pili nimeuleta mwenyewe.

Siku ya nne petroli ilikuwa imetupungukia, mpwa wangu akatia nusu tangi tu. Injini ikawaka, ikavuta pumzi mbili, ikafia hapo hapo gatini. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, mbona tangi likiwa nusu haiendi kabisa?" Miaka kumi na miwili huyo. Nikaona haya, wallahi. Tukajaza, tukatazama saa: dakika saba. Tukajaza tena: dakika saba. Nusu tangi: hata dakika haitimii. Basi si pale penye jahazi, si skrubu, wala si hao wenyewe wa shemeji. Ni kimo cha petroli.

Nikafungua tangi. Ndani mna mpira mwembamba, na mwishoni una kichujio kizito kinachozama chini hata boti ilale upande gani. Nikauchomoa, nikaukunja kidoleni hivi, pole pole, na katikati ukafunguka ufa usiozidi punje ya mchele. Petroli ikiwa juu ya ufa, mpira unanyonya petroli. Ikishuka chini ya ufa, unanyonya hewa. Hewa ikizidi ndiyo ile sauti ya kidole mlangoni: injini inakwenda mbio isivyo kawaida, inapata moto, inazima. Ugonjwa wote ndio huo.

Na nani aliutia mpira ule? Mimi. Ulikuwa mpira wa dripu, nikauona safi, unaangaza, nikasema utafaa. Petroli huufyonza ulaini wake, ukawa mgumu, ukapasuka. Na nyinyi mnaoagiza ule mororo wa silikoni, wa injini zinazotumia methanoli: kwa methanoli hauna neno, lakini kwenye petroli unavimba na kuachia. Dukani semeni waziwazi, "nataka mpira wa petroli," ule wa misumeno ya injini na mashine za nyasi. Muuzaji akikwambia yote ni mamoja, muage kwa heshima uondoke.

Najua kuna mmoja hapa anasema moyoni, "Lakini fundi, mimi nikigeuza skrubu, inapona." Haiponi, inanyamazishwa. Ukiifungua skrubu unaongeza petroli ya kufidia hewa inayoingia kwa wizi. Kesho ufa umekua, unafungua tena. Keshokutwa umenunua kabureta mpya na ufa bado uko tangini, unakusubiri. Na kama ni lazima uiguse, kwanza ikaze taratibu mpaka ikae, huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uirudishe ilipokuwa. Usiikaze kwa nguvu za kufungulia nanga! Ncha yake ni sindano, ukiiumiza hakuna hesabu itakayokufaa tena. Injini nyingi za namna hii huanzia mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu kutoka ilipokaa. Ndiyo maana niliuliza kalamu.

Sasa tazameni chupa hii. Ilikuwa ya jemu, nimeiosha. Petroli hii mmoja wenu alinipa jana, akaapa ni safi. Imelala usiku kucha. Leta karibu na dirisha… mnaona chini kabisa, ile duara inayocheza kama ushanga? Maji. Na imeuzwa kama petroli. Kabla ya kuilaumu injini, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie, uitazame kwenye mwanga. Kazi ya dakika tano, na usiifanye karibu na mvutaji sigara. Na ile iliyobaki kwenye dumu tangu kaskazi iliyopita, mwageni… hapana, si baharini! Nileteeni mimi, naoshea minyororo.

Oili. Hapa huwa tunagombana. Injini ya mipigo miwili haina oili ya kwake tumboni, inakunywa ile iliyochanganywa na petroli. Moja kwa 25 ni mililita 40 kwa lita. Moja kwa 50 ni mililita 20. Someni injini yenu inataka ipi, mpime kwa sindano ya hospitali, si kwa kifuniko cha chupa. Kuna wanaozidisha wakisema oili haijawahi kuua injini. Sikilizeni: kila tone la oili limekalia nafasi ya petroli. Ukizidisha oili kwenye mchanganyiko, petroli inayopita kwenye tundu la kabureta imepungua. Mtu anatia oili ili asiunguze injini, na anaipunguzia petroli ambayo ndiyo inayoipoza. Plagi inaziba, moshi umejaa mtaa, naye anakwenda kutafuta… semeni wenyewe. Bisibisi.

Plagi ichomoeni mara tu injini inapozimika, mtazame ncha. Ya kahawia, usiguse kitu. Nyeusi na imelowa, petroli imezidi au moto wa plagi ni hafifu. Nyeupe kama mfupa, hewa imezidi, mrudi kwenye mpira, gasketi ya kabureta, na sili za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Injini ikikataa kushuka mwendo baada ya kuachia mafuta, dondosha oili kidogo penye maungio ya gasketi. Sauti ikibadilika, umempata mwizi.

Nilitaka kusema kuhusu ile ngozi nyembamba ndani ya kabureta, inayosukuma petroli kwa pumzi za krenki, lakini ukumbi huu tunautoa saa kumi. Kwa ufupi: ikikauka na kukakamaa, ibadilishwe, haichemshwi, haipakwi mafuta ya nazi. Nimeona mtu akiipaka mafuta ya nazi.

Propela: ikiwa kubwa mno injini haifiki mwendo wake, na mtalaumu kabureta bure. Zungusheni shafti kwa vidole kabla ya kuwasha, mishipi ya wavuvi hujifunga pale. Maji ya kupozea yatoke nje kwa mkondo, si kwa matone. Tundu likikaukiwa na chumvi, lizibueni kwa waya laini na msuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila mkirudi. Ekzosi tutaongea siku nyingine.

Swali? …Hapana, mwanangu, sitakurudishia sasa. Maji yameanza kutoka, tukikawia tutavisukuma vijiboti matopeni. Chukueni chupa moja ya kioo, saa moja, na kalamu hii yangu, niirudishiwe. Kila mmoja akirudi ataniambia injini yake ilizimika baada ya dakika ngapi na tangi lilikuwa na kiasi gani. Atakayejibu atapewa bisibisi yake. Hii yenye mpini mwekundu ni ya nani? Wewe? Wewe utakuwa wa mwisho.