Simamisheni Boriti

Assalaam alaykum, mafundi wenzangu. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakalosema, na naona wawili watatu kule nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Nitaacha kulisema siku nitakayopita ufukweni hapa Tanga nisikute deki inayocheza.

Nasema deki kwa kuwa wenye hoteli ndivyo wanavyoiita. Si ile ya kupiga kwa ndoo na tambara. Sakafu ya mbao, nje, juu ya nguzo, watu wanakaa kutazama bahari.

Niliitwa kwenye nyumba moja upande wa Pangani. Siku ya harusi jamaa walisogea ukingoni wapigwe picha, sakafu ikabonyea chini yao kama kitanda cha kamba. Haikuvunjika, alhamdulillahi, ila bibi harusi alikataa katakata kurudi pale. Nikaingia uvunguni na tochi. Boriti, yaani mbao zinazobeba sakafu, ni za inchi mbili kwa sita, mkongo mzito, mteja kalipa pesa yake. Na zote zimelazwa kwa ubapa! Chali, kama wagonjwa. Aliyezipiga ni kijana mwenye mkono safi, viungo vyake hupitishi hata wembe. Nikamuuliza, mwanangu, kwa nini? Akanijibu, "Mzee, zikilala zinatulia, hazipinduki."

Basi leo nimekuja na rula ya mjukuu wangu. Wewe kijana wa mbele, njoo. Shika ncha mbili, bonyeza ubapa wake. Inapinda kama ukuti. Sasa igeuze isimame kwa ukingo, ubonyeze tena. Bonyeza, usiogope! Umeona? Na rula ni ileile.

Wenye kupenda hesabu wachukue kalamu. Ugumu wa boriti kupinda ni upana, mara kina (kimo chake toka chini hadi juu), mara kina, mara kina. Kina kinahesabiwa mara tatu! Ubao uliolala una upana 6 na kina 2: sita mara nane, 48. Uliosimama una upana 2 na kina 6: mbili mara 216, 432. Gawanyeni. Ni mara 9. Ubao uleule, bei ileile, umeugeuza tu.

Najua kuna atakayeniambia wazee walijenga kwa boriti za mkoko, duara, hazina kulala wala kusimama, na majumba ya Lamu na Unguja yapo mpaka leo. Kweli. Lakini umewahi kuingia vyumba vile? Virefu, vyembamba, upana wake mita mbili na nusu, tatu hivi. Mti ndio uliopima chumba. Mti ukiwa mfupi, mzee alisogeza ukuta. Na boriti alizipanga karibu karibu, maana juu yake kulikaa mawe na chokaa. Wewe unataka mita nne za wazi, mbao umezilaza, halafu unamtaja babu?

Mwingine atasema kizingiti cha mlango kiko chini, mbao zikisimama sakafu itapanda inchi nne. Itapanda, ndiyo. Si ukate nguzo fupi kwa inchi nne! Hilo la kufikiri siku ya kupima, si siku ya kupigilia. Na huko kupinduka ni kweli kupo, sikatai: kata vipande vifupi vya ubao uleule, uvikaze kati ya boriti na boriti, kwenye ncha na katikati. Kazi ya asubuhi moja.

Naonyeshwa saa. Haya.

Nafasi ni sentimita 40, kutoka katikati ya boriti hadi katikati ya nyingine, kama mbao za juu ni za inchi moja. Ukizipiga mshazari, 30. Anayeweka 60 anaokoa mbao chache na kupoteza mteja. Mbili kwa sita mimi siivushi zaidi ya futi 8 bila mhimili chini yake, na ikiwa paina napunguza. Kila ubao uchungulie kwa jicho moja kutoka nchani: una mgongo, ule ukingo uliobinuka. Mgongo uende juu. Fundo kubwa la ukingoni lisikae upande wa chini. Paina ya Mafinga isiyotiwa dawa msiipeleke nje. Msaji wa Longuza sawa, lakini kiini; ile nyeupe ya kando mchwa hajali kama inaitwa msaji.

Ukutani, ile boriti inayopokea ncha za wenzake ifungwe kwa bolti na nati. Misumari peke yake hutoka kidogo kidogo kila watu wanapotembea, na iliyobaki inaliwa na chumvi. Nguzo na ngazi sitazifikia leo.

Pale mlangoni nimeacha ubao na matofali mawili. Ulazeni mpande juu yake, kisha usimamisheni, wawili washike usipinduke. Na aliyebaki na rula aniletee, mwenyewe anaitaka shuleni kesho.