Watu kwa Kilometa ya Mraba: Kilometa Ipi?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na Misri. Nchi hiyo ina ukubwa wa karibu kilometa za mraba milioni 1, na watu wake wamekwishapita milioni 100. Tukigawanya, tunapata watu 100 na ushee kwa kilometa ya mraba. Hesabu ni sahihi, ila haielezi maisha ya mtu yeyote kule: jangwa ni tupu, na karibu watu wote wamebanana kandokando ya mto Nile na katika delta yake.

Sasa tuache jangwa, tuchukue ardhi inayolimika pekee, ambayo ni asilimia 4 hivi. Watu milioni 100 kwa kilometa za mraba 40,000 ni watu 2,500 kwa kila kilometa moja. Huu ndio msongamano wa kifiziolojia, na kwangu mimi unasema mengi zaidi kuhusu nchi kame. Hata hivyo nao una upofu wake: unahesabu shamba la umwagiliaji linalovunwa mara mbili kwa mwaka sawa na shamba linalosubiri mvua moja.

Kipimo cha tatu kinawahesabu wakulima tu juu ya ardhi hiyohiyo. Uholanzi ina watu zaidi ya 500 kwa kilometa ya mraba ya nchi kavu, mara tano ya Misri, lakini kwa msongamano wa kilimo Misri iko juu sana. Uholanzi mashine zinafanya kazi ya mikono mingi. Misri mfanyakazi mmoja kati ya watano hivi bado yuko kwenye kilimo.

Kipimo ninachotaka tukitazame kwa makini ni msongamano unaopimwa kwa watu wenyewe. Hapa hatuulizi kilometa ya kawaida ina watu wangapi. Tunauliza mtu wa kawaida anaishi kwenye msongamano gani. Chukueni wilaya mbili za kubuni, kila moja kilometa za mraba 100. Ya kwanza ina watu 9,000, ya pili 1,000. Wastani wa eneo lote ni 50. Lakini watu tisa kati ya kumi wanaishi penye 90, na mmoja penye 10. Tisa ya kumi ya 90 ni 81, moja ya kumi ya 10 ni 1; jumla 82.

Tuseme wale 9,000 wote wako katika mji wa kilometa za mraba 10 tu ndani ya wilaya yao. Tukichora mpaka kuuzunguka mji, wao wanaishi penye 900. Wastani wa eneo unabaki 50, ila kipimo cha watu kinaruka kutoka 82 hadi 811, na hakuna aliyehama. Ndiyo maana takwimu iliyokokotolewa kwa wilaya haiwezi kulinganishwa na iliyokokotolewa kwa kata.