Windows Ndani ya Mac, Kabla ya Mac Kuwa na Intel

MWANAIDI: Karibuni tena. Kaka Baraka, leo umeniahidi Windows ndani ya Mac. Mbona hilo jambo la kawaida tu?

BARAKA: Leo ndiyo, dada. Mwaka 1997 halikuwa la kawaida. Mac zilikuwa na prosesa ya PowerPC, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta, na Windows watu waliyoitumia iliandikwa kwa ajili ya chipu za Intel. Ukiipa PowerPC amri za Intel, hazina maana kwake. Kampuni ya Connectix ikatoa Virtual PC. Unaifungua, dirisha linatokea, na ndani yake kompyuta nyingine inawaka kama vile umebonyeza swichi, mpaka Windows 95 hiyo hapo.

MWANAIDI: Na chipu ya Intel iko wapi humo?

BARAKA: Haipo! Ni programu tupu. Inachukua amri za Intel, inazigeuza kuwa za PowerPC, halafu zilizokwisha kugeuzwa inazitunza, zikihitajika tena isianze moja. Mmoja wa walioiandika, Eric Traut, alitoka Apple, ambako alishughulikia emuleta, yaani programu inayoigiza chipu nyingine, iliyozisaidia PowerPC kuendesha programu za Mac za zamani.

MWANAIDI: Na diski?

BARAKA: Diski C yote ni faili moja kwenye Mac. Virusi vikiingia kwenye Windows, unafuta faili, unarudisha nakala, mambo yanaendelea. Mimi hiyo ndiyo iliyonivutia kuliko zote.

MWANAIDI: Ila ilikuwa nzito.

BARAKA: Nzito mno! Kwa barua na mahesabu ya ofisi sawa, kwa gemu usijisumbue. Na kuna kisa kitamu hapa. Chukua namba yenye baiti nne: 12 34 56 78. PowerPC inaiweka kwenye kumbukumbu hivyo hivyo. Intel inaanzia mkiani: 78 56 34 12.

MWANAIDI: Kwa hiyo kila namba inayosomwa lazima igeuzwe?

BARAKA: Ingebidi, na ingeua kasi kabisa. Bahati nzuri PowerPC ilikuwa na namna ya pili ya kufanya kazi, inayofuata mpangilio wa Intel, na Virtual PC ikaiegemea hiyo. Sasa mwaka 2003 Microsoft wakainunua Virtual PC kutoka Connectix, na mwaka huohuo Apple wakaleta G5, prosesa yenye nguvu kuliko zote walizokuwa wameziweka kwenye Mac hadi wakati huo. Namna ile ya pili imeondolewa.

MWANAIDI: Lo! Mac mpya ya bei mbaya, Windows haiwaki?

BARAKA: Haiwaki. Watu walisubiri toleo la 7, mwaka 2004. Halafu 2006 Apple wakahamia Intel wenyewe, Microsoft wakaachana na Virtual PC ya Mac. Chipu ni ileile, kutafsiri kwa nini tena?

MWANAIDI: Mpaka 2020, M1 ilipokuja, chipu ya Apple wenyewe.

BARAKA: Ndiyo! Intel nje, tafsiri imerudi kazini.

MWANAIDI: Basi mwenye M1 akitaka Windows XP leo?

BARAKA: Achukue UTM, programu ya kuendesha kompyuta nyingine ndani ya Mac, ambayo ndani yake imo QEMU, emuleta aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard. XP itakubali kuingia. Ila ukishaanza kuiingiza, nenda kapike wali.

MWANAIDI: Wali wa nazi?

BARAKA: Wa nazi, na nazi ukune mwenyewe.