Baba Naye Yumo Ndani ya Mimba
(Mhadhara katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi)

Jambo yenu, wamama na wababa. Wababa mmebanana kule nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele, leo tunazungumzia saratani za watoto, na ninyi ndio ninaowatafuta.

Mimba ikiingia nyumbani, maonyo yote humwangukia mama: acha pemba, ule udongo wa kula, acha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Baba amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, sigara mdomoni, anamhimiza mkewe ameze vidonge. Basi mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, lilitamka wazi kwamba uvutaji wa wazazi, awe baba au mama, humwongezea mtoto hatari ya hepatoblastoma, yaani saratani ya ini ya watoto wadogo. Na hesabu inaanza kabla mimba haijatungwa. Mbegu ya mwanamume huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo anayengoja mke apate mimba ndipo aache sigara amechelewa. Kwa leukemia, saratani ya damu, ushahidi upo lakini haujafikia uzito huo.

Tuje kwenye salopeti, vazi la kazi. Wanaotoka migodini hapa kwetu wanarudi nayo mwilini, mama anaikung'uta uani, mtoto mgongoni, vumbi linawafunika wote wawili. Utafiti uliofanyika humu humu Lubumbashi, ukatolewa mwaka 2020, uliona kasoro za kuzaliwa zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini. Kasoro za kuzaliwa si saratani, tusichanganye. Lakini mimi nisingengoja utafiti mwingine: vua nguo kazini, oga, ndipo umpakate mtoto.

Kuna mama ameuliza hapa, kwa sauti ya chini, kama ugonjwa wa mwanawe ulitokana na kosa lake. Hapana, mama. Saratani nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana, na hepatoblastoma yenyewe ni nadra. Watoto wengi wa wavutaji hawaipati. Mawifi wakianza kukunyoshea kidole, au kumtafuta mchawi, waambie daktari amekataa.

Jambo moja kwa wababa kuhusu dalili za saratani za watoto, kwa kuwa mfuko wa nyumba mara nyingi mnaushika ninyi. Tumbo la mtoto likivimba upande mmoja, au mboni ya jicho ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, toeni pesa ya usafiri wiki hiyo hiyo, afike hospitali kabla ya chumba cha maombi.